Kikombe chenye Mstari Mwekundu

Siku ya mazishi ya mumewe, Mavis Horsfall alikataa chai.

Mahali pengine jambo hilo lingepita bila kuonekana. Lakini hapa ni Skelbeck, mji mdogo wa viwanda vya sufu, katika ukumbi wa nyuma ya kanisa. Akina mama walikuwa wamechemsha mabirika makubwa tangu asubuhi, sandwichi za nyama ya nguruwe zilipangwa kwenye sahani zenye maua, na bendi ya mji ilikuwa imetoka kumpigia marehemu wimbo wa mwisho kwenye mvua. Watu waliingia wameloa, wakapewa kikombe. Hakuna aliyeulizwa kama anataka. Na Mavis, ambaye maisha yake yote alitembea na chupa ya chai mkobani kama wengine wanavyotembea na funguo, alikisukuma kikombe chake hadi kikamwagika juu ya kitambaa cheupe.

"Mavis, mpenzi, onja hata kidogo," alisema jirani yake, Enid. "Nimekutilia sukari kama unavyopenda."

"Niondolee hicho kitu, Enid."

"Ni chai tu, jamani."

"Ndiyo, ni chai tu. Hata mimi nilidhani hivyohivyo."

Enid akajishika mdomo. Kila mtu ukumbini alijua maana yake. Mavis alikuwa amempa mumewe chai hospitalini, chai ikaingia mapafuni, na Wilf akafa kwa nimonia. Wilf ambaye mapafu yake yalipuliza tarumbeta kubwa la besi kwenye bendi ile tangu ujana. Mji mzima ulimhurumia Mavis, na ndani ya huruma hiyo mlikuwa na hukumu ndogo, yenye adabu, iliyosemwa kwa sauti ya chini kwenye foleni ya posta: maskini, hakujua, lakini si angeuliza?

Kwenye kona ya kutundikia makoti alisimama mwanamke mnene kidogo, nywele za mvi zimekatwa fupi, mkononi ana sandwichi ambayo hajaiuma. Huyo alikuwa Beverley Hoyle, sista, yaani muuguzi kiongozi, wa wodi ya kiharusi, wodi aliyofia Wilf. Sista Bev alijua jambo ambalo Mavis hakulijua: kwamba si yeye aliyemuua mumewe. Hospitali nayo ilijua. Na hospitali ilikuwa imeamua, kwa upole mwingi na maneno laini, kumwachia bibi kizee mzigo usio wake aende nao mpaka kaburini.

Bev aliiweka sandwichi chini, akatoka bila kuaga.

*

Beverley Hoyle alizaliwa katika mji uleule, kwenye safu ya nyumba za mawe zilizopanda mlima zikiwa zimeshikana mabega. Mama yake alifuma sufu katika kiwanda cha chini ya daraja. Mashine za kule zilipiga kelele kiasi kwamba wanawake walijitengenezea lugha yao: hawakutoa sauti, walisema kwa midomo tu, wakiinyoosha na kuipanua mpaka neno likaonekana kutoka upande wa pili wa kiwanda. Walisengenyana hivyo, walitaniana hivyo, na msimamizi alipotokea walionyana hivyo. Jioni mama alirudi masikio yakimvuma, akaendelea kusema vilevile mezani, na Bev akajua kusoma midomo kabla hajajua kusoma kitabu.

Ujuzi huo ndio uliompeleka wodi ya kiharusi na kumbakiza huko. Wagonjwa walikuja nusu ya uso imelala, sauti imekwenda, wenyewe wakidhani hakuna atakayewaelewa tena. Bev aliwainamia, akawaangalia midomo, akawajibu. Wapo wazee waliolia machozi kwa sababu tu mtu amewajibu.

Lakini koo ndilo lililomnyima usingizi. Kiharusi hulisahaulisha koo kazi yake. Maji, chai, mchuzi, kila kilicho chepesi hupotea njia na kuteremkia kwenye mapafu. Mgonjwa wa namna hiyo hupewa kinywaji kilichotiwa unga maalumu mpaka kiwe kizito kama uji, tena anyweshwe polepole akiwa amekaa wima, na mtu anayejua anachofanya.

Sasa mweke mgonjwa huyo katika mji ambao watu wakifiwa wanakunywa chai, wakioa wanakunywa chai, na gari likigonga ukuta mtu wa kwanza kufika anauliza nani amewasha birika. Kila mgeni wodini aliingia na kikombe. Ndiyo ilikuwa namna yao ya kusema nakupenda, maana kuyatamka maneno yenyewe waliona haya. Bev aliligundua hilo angali muuguzi mchanga. Akachukua kalamu, akachora kikadi: kikombe kinachofuka moshi, juu yake mstari mwekundu, chini yake herufi kubwa, MUULIZE SISTA KWANZA. Akakibandika ukutani juu ya kitanda cha kila mgonjwa mwenye koo bovu.

"Kikombe chako kinafanana na choo," Wilf Horsfall alimwambia kwa midomo siku ya kwanza alipokiona.

"Basi hutatamani kunywea humo," Bev akamjibu. Nusu ya uso wa Wilf ikacheka.

*

Vikadi vile vilikaa ukutani miaka na miaka, na wageni waliuliza kwanza. Kisha ikaja amri ya Ukuta Safi.

Aliyeileta ni Gillian Marsh, mkuu wa wauguzi wa hospitali nzima. Gillian na Bev walisoma uuguzi pamoja, walilala chumba kimoja kwenye hosteli, waliazimana viatu vya kuendea dansi. Mmoja alipanda kwenda kwenye ofisi zenye zulia, mwingine akabaki na vitanda. Hawakugombana kwa hilo. Wakaguzi walikuwa wanakuja, na Gillian alitaka hospitali ing'ae.

"Gill, vikadi vyangu hapana."

"Vyote, Bev. Juu ya kitanda hakuna kukaa kitu. Ni usafi, halafu ni siri ya mgonjwa. Kila kitu kimo kwenye kompyuta."

"Mke wa mgonjwa anaingia na chupa yake ya chai. Hiyo kompyuta ataionea wapi?"

"Wauguzi watamwambia."

"Wauguzi gani? Nusu yao ni wa kukodi, leo wapo kesho hawapo. Hawajui hata choo kiko wapi, watajua koo la nani ni bovu?"

"Bev."

"Mtu atakufa, Gill. Nakwambia mapema, kwa mdomo wangu mwenyewe. Mtu atanyweshwa chai na atakufa."

Gillian alivua miwani, akamtazama kwa tabasamu la kweli, na hilo ndilo lililouma. "Unajua, hivi ndivyo tunavyotaka watu wetu wawe. Wenye ujasiri. Asante sana kwa kusema."

"Sitaki asante. Nataka vikadi."

"Nimekusikia."

Katika hospitali ile neno "nimekusikia" lilikuwa kaburi. Lalamiko lilifukiwa humo, likawekewa maua juu. Mtu akikufokea utamfokea. Akikushukuru, utamfanya nini?

Na walishukuru kwelikweli. Mwezi uleule ulikuwa mwezi wa kuhimiza wafanyakazi waseme wanapoona hatari kwa mgonjwa. Wakubwa walishuka wodini na keki yenye sukari ya kijani, wakagawa beji za kijani, wakataka uso wa kuweka kwenye bango. Gillian akamtaja Bev. Kabla Bev hajajua anakubali nini, kijana mwenye kamera alikuwa anamwambia asogee karibu na dirisha. Wiki iliyofuata alijikuta ukutani kwenye ujia wa wodi, mkubwa kama mlango: UKIONA, SEMA. TUNASIKILIZA.

"Pisheni, pisheni, staa anapita!" alipiga kelele Shazia, muuguzi aliyefanya naye kazi zamu nyingi kuliko mtu mwingine yeyote. "Sista, mbona umetabasamu kama mtu aliyemeza limao?"

"Niliambiwa nifikirie kitu kinachonifurahisha."

"Ukafikiria nini?"

"Kustaafu."

Shazia alicheka, kisha akaacha kucheka. Akapima bango kwa macho, juu mpaka chini. "Ajabu ya dunia hii. Kikadi kama kiganja kinaleta uchafu, lakini uso wako wote huo hauna kijidudu hata kimoja."

Asubuhi ya wakaguzi, Gillian alipiga simu wodini. Vikadi bado viko? Viko. Bev, tafadhali, wanapanda ngazi.

Na Bev akavitoa. Hakuna aliyemlazimisha kwa bunduki. Alikuwa amebakiza muda mfupi apate pensheni yake, alikuwa amechoka, na alikulia mahali ambapo mkubwa akisema mara ya pili, mtu anainamisha kichwa na kufanya, halafu anakwenda kunung'unika jikoni. Alipita kitanda hadi kitanda akibandua kwa ukucha. Cha Wilf kiling'oka na kipande cha rangi ya ukuta.

"Kwa nini?" iliuliza midomo ya Wilf.

"Amri. Wakubwa wanataka ukuta safi."

Midomo ikahangaika kidogo, ikapata neno. "Wapumbavu."

"Sema kwa sauti basi," Bev alimtania, na wote wawili wakacheka, naye akavitia vikadi kwenye mfuko wa sare. Wakaguzi walizisifu kuta.

*

Siku Mavis alipokuja na chupa yake, Bev alikuwa mapumzikoni nyumbani. Zamu ilikuwa ya muuguzi wa kukodi aliyekuwa anakimbizana na mgonjwa mwingine aliyeanguka. Mavis alikaa kando ya kitanda, akammiminia mumewe chai kwenye kifuniko cha chupa, akachovya biskuti kama walivyofanya kila jioni tangu waoane. Wilf alikunywa. Alikohoa sana, uso ukabadilika rangi, watu wakaja mbio. Homa ilipanda, na siku chache baadaye tarumbeta la besi la Skelbeck likakosa mwenyewe.

Sheria ya nchi inasema familia iambiwe ukweli. Kwa hiyo Mavis aliitwa kwenye chumba chenye viti laini na sanduku la karatasi za kufutia machozi. Gillian alikaa upande huu, na pembeni yake Bev, beji ya kijani kifuani. Gillian alitoa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Alisema mgonjwa alipewa kinywaji na mgeni. Alisema hizi ni ajali, mama, na tafadhali usijilaumu, akijua vizuri kwamba anayeambiwa asijilaumu ameshaonyeshwa pa kulaumu.

Mavis alikunja leso yake mara nyingi. "Palikuwa na kikadi," alisema. "Juu ya kitanda. Cha kikombe. Nilikuwa nakiona kila nikija, halafu siku ile hakikuwepo. Nikafurahi. Nikasema, afadhali, koo la Wilf limepona."

"Vikadi havimo katika utaratibu rasmi wa hospitali yetu, mama," Gillian akajibu taratibu. "Katika majonzi, kumbukumbu huchanganyika. Ni kawaida kabisa."

Ukiyachukua maneno hayo moja moja, hakuna la uongo. Ukiyaunganisha, ni uongo mtupu, wenye tai na viatu vilivyong'arishwa.

Mavis alimgeukia Bev. Alimtazama. Na Bev, uso wa bango, mtu wa UKIONA SEMA, alitazama mikono yake.

"Basi nimechanganyikiwa," Mavis alisema. "Nimezeeka."

*

Baada ya kutoka kwenye mazishi, Bev alikaa ndani ya gari lake mpaka vioo vikajaa ukungu. Kisha akampigia Gillian, kwa kuwa alidhani ni haki amwambie kwanza.

"Nakwenda kwa Mavis Horsfall. Anadhani amemuua mumewe. Tena anadhani amepata wazimu."

"Bev, umechoka. Nenda nyumbani."

"Kikadi kilikuwepo, Gill."

Gillian aliposema tena, sauti ilikuwa ileile ya hosteli, ya rafiki. "Nakuomba ufikirie. Ukienda pale, atakuuliza mikono ya nani ilikitoa. Haikuwa yangu."

"Najua ilikuwa ya nani."

"Leseni yako, Bev. Pensheni yako. Kuna njia za kulisema hili ndani ya hospitali."

"Nililisema ndani ya hospitali. Mkanipa keki."

Aliendesha hadi kwenye safu za nyumba za mawe. Mlango wa nyuma wa Mavis ulikuwa wazi, kama milango yote ya mtaa ule. Mavis alikuwa ameketi jikoni na nguo zake nyeusi, mbele yake meza tupu. Birika lilikuwa limetolewa kwenye jiko na kuwekwa sakafuni kando ya mlango, kama kitu kinachosubiri mtu wa takataka.

"Sista," alisema bila kuinuka. "Umesahau koti ukumbini?"

Bev hakukaa. Alitoa mfukoni kikadi cha Wilf, alichokuwa akitembea nacho tangu kifo, akakilaza mezani: kikombe kinachofanana na choo, mstari mwekundu, na kwenye gundi ya nyuma, kipande cha rangi ya kijani hafifu ya ukuta wa wodi.

Mavis alikishika. Alikigeuza. Alikigusa kile kipande cha rangi kwa kidole muda mrefu.

"Kilikuwepo," alisema.

"Kilikuwepo, mama. Hukuchanganyikiwa. Walitaka kuta safi kwa ajili ya wakaguzi, vikatolewa vyote, na havikuruhusiwa kurudi. Hukumuua Wilf. Uliona kikadi kimeondoka ukaelewa kama ambavyo mtu yeyote angeelewa."

"Nani alikitoa?"

Hapo ndipo Bev alipotamani kukaa. "Mimi."

"Wewe."

"Niliwaambia mtu atakufa. Niliwaambia waziwazi. Halafu waliponiambia nitoe, nikatoa."

"Na siku ile kwenye viti laini. Nilikutazama."

"Ulinitazama."

Mavis alisimama. Alikuwa mwanamke mdogo, kichwa chake kilimfikia Bev begani, lakini Bev alirudi nyuma hatua. "Mama yako alikuwa na mashine jirani na yangu," alisema. "Jean Hoyle. Siku moja mkanda wa mashine ulikatika ukawa unakuja kichwani kwangu, nami nimegeuza mgongo. Jean hakuwa na sauti ya kunifikia, hakuna aliyekuwa nayo mle ndani. Akanirushia kiatu. Kilinipiga hapa." Akagusa kisogo. "Alipata taabu kwa kile kiatu, maana kiliharibu kitambaa cha tajiri. Hakujali. Na wewe, Beverley, ulikuwa na sauti, tena chumba kilikuwa kimya, na ulikuwa umekaa karibu yangu kama hivi."

"Samahani, mama."

"Usiniletee samahani! Siku zote hizi nalala upande wangu wa kitanda nikiwaza kwamba nimemuua kwa biskuti. Enid ananitazama kama mtu anavyomtazama mbwa aliyegongwa na gari. Na wewe umekaa na hiki mfukoni!"

Bev alitazama birika lile sakafuni.

"Toka," Mavis alisema. "Kikadi unaniachia."

*

Mavis hakuwa mtu wa kulia tu. Kesho yake alivaa kofia, akapanda basi hadi kwa mchunguzi wa vifo, ofisa ambaye kazi yake ni kuuliza mtu amekufaje, akaweka kikadi juu ya meza yake. Akasema hataondoka. Walipomwambia ofisi inafungwa, akasema basi watamfungia humo. Kikao kikaitishwa.

Hospitali ilileta mwanasheria, kijana nadhifu aliyemwambia Bev kwenye ujia, "Jibu ulichoulizwa tu, Sista. Ndiyo au hapana. Usisaidie."

Chumba kilijaa. Bendi nzima ilikuja na makoti yao mekundu, wakakaa nyuma bila tarumbeta. Bev alisimama pale mashahidi wanaposimama, na mwanasheria akamuuliza kama utaratibu rasmi wa hospitali ulitaka kikadi kuwekwa juu ya kitanda.

"Hapana."

"Je, taarifa za koo la mgonjwa zilikuwemo kwenye kompyuta?"

"Zilikuwemo."

"Asante, Sista." Akakaa, ameridhika. Ilikuwa kama viti laini tena: kila neno kweli, jumla yake uongo.

Mchunguzi aliinua macho. "Una la kuongeza?"

Bev alifungua mdomo, na sauti haikuja. Alimwona Gillian safu ya pili, anamtazama kwa macho yaleyale mema. Aliiona nyumba yake, pensheni yake, leseni iliyotundikwa sebuleni. Aliona jinsi ilivyo rahisi. Neno moja dogo tu, halafu akakae.

Ndipo alipomwona Mavis. Mavis alikuwa safu ya mbele, amekaa wima, hamtazami kwa upendo hata kidogo. Midomo yake ilikuwa inanyooka na kupanuka, polepole, bila sauti, vile wanawake wa kiwanda walivyosema kuvuka kelele. Katika chumba kile hakuna mwingine aliyeweza kuisoma.

*Mashine zimezimwa, Beverley. Toa sauti.*

Bev akashika ukingo wa meza. "Ninalo la kuongeza," alisema, na akalisema lote. Vikadi, wakaguzi, keki, bango, ukucha wake mwenyewe, kile chumba chenye viti laini na mikono aliyoitazama. Mwanasheria alisimama mara mbili, na mchunguzi akamwambia akae mara mbili. Alipomaliza koo lilikuwa limekauka. Mtu akamsogezea maji, na akayanywa kama mtu anayejifunza kunywa.

*

Mchunguzi aliandika kwamba Wilf Horsfall alikufa kwa sababu onyo lililokuwepo liliondolewa, na kwamba mkewe hakufanya kosa lolote. Mavis aliomba sentensi hiyo isomwe tena. Ikasomwa tena. Enid alilia kuliko mjane.

Hospitali ilitoa tamko kwamba imejifunza. Vikadi vilirudi ukutani, safari hii vimechapwa kwa mashine, kikombe kizuri kisichofanana na choo, nembo ya hospitali kwenye kona, na mpango mzima ukapewa jina zuri. Gillian Marsh alipanda jukwaani katika mji mwingine kupokea tuzo kwa ajili ya mpango huo. Alitaja kwenye hotuba yake umuhimu wa kusikiliza walio chini.

Bev aliitwa ofisini. Hawakumfukuza, maana hiyo ingeonekana vibaya. "Tatizo si ulichosema, Bev," walimwambia. "Ni namna ulivyokisema. Kwenda nyumbani kwa mjane, kuchukua mali ya wodi." Walimpeleka chumba cha chini ya ardhi kupanga sare na mashuka, mtu aliyeweza kusoma midomo ya wasio na sauti, akakaa na mashuka ambayo hayana midomo. Alivumilia kwa muda. Kisha akaandika kwamba anaondoka mapema, na pensheni ikapungua kama alivyojua itapungua.

Siku ya mwisho alipita kwenye ujia wa wodi kumuaga Shazia. Bango lilikuwa limeshatolewa. Mahali uso wake ulipokuwa palibaki umbo la mlango, jeupe kuliko ukuta uliolizunguka.

"Angalau umewaachia ukuta safi," alisema Shazia, kisha akamkumbatia na hakumwachia haraka. "Mgonjwa mpya kitanda cha dirishani anasema kitu, Sista. Siku ya pili sasa. Hakuna anayemwelewa."

Bev alitazama mlango wa wodi. Kadi yake ya kufungulia haikufungua tena.

Nje, kwenye benchi la kusubiria basi, alikuwepo Mavis Horsfall na kofia yake, mkoba magotini. Bev alisimama na sanduku lake mikononi, hajui kama apite au akae.

"Kaa, usinizibie upepo," Mavis alisema.

Akakaa. Magari yalipita. Mavis alifungua mkoba, akatoa chupa, ileile, akafungua kifuniko na kukimiminia chai kikajaa. Mvuke ulipanda. Alikishika kifuniko kwa mikono yote miwili, akakitazama muda mrefu, kisha akamsogezea Bev.

"Kunywa wewe," alisema. "Mimi bado."